Muulize Fundi: Mlango unafunguka hata nikiandika "lala"

Swali: Shikamoo fundi. Natunga mchezo wa maandishi kwa Python, lugha ya kuandikia programu: mchezaji amefungiwa ndani ya nyumba ya kale Mji Mkongwe, anatafuta pa kutokea. Nimeandika `if amri == "fungua" or "sukuma":` ili neno lolote kati ya hayo lifungue mlango. Sasa hata nikiandika "lala" unafunguka! Kaka yangu anadai Python ndiyo mbovu. – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka aiombe Python radhi. Wewe umeusoma mstari huo kama tunavyoongea, "amri ikiwa fungua au sukuma". Python inauliza maswali mawili: je, amri ni "fungua"? Halafu: je, "sukuma"? Hilo la pili hukulilinganisha na chochote, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. `or` hutosheka na upande mmoja, kwa hiyo sharti lako linatimia daima. Andika `if amri == "fungua" or amri == "sukuma":`, au kwa mkato `if amri in ("fungua", "sukuma"):`. Mimi napenda huo wa pili, maana nakujua, kesho utataka kuongeza "vuta" na "piga teke".

Ukishapita hapo, chunga mtego unaonasa hata wazoefu. Tuseme mlangoni pana mlinzi, na mchezaji hutoka kwa ufunguo au kwa waya wa kuchokolea kufuli, ilmradi mlinzi amelala. Ukiandika `if ufunguo or waya and mlinzi_amelala:`, mwenye ufunguo atapita mlinzi akiwa macho kodo! `and` hutangulia `or`, kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha, kwa hiyo usingizi wa mlinzi umeufunga kwenye waya peke yake. Weka mabano: `if (ufunguo or waya) and mlinzi_amelala:`. Hata pasipolazimu, mimi huyaweka, hayalipiwi.

Na ukitaka jibu la ndiyo au hapana, usithubutu `while jibu != "ndiyo" or jibu != "hapana":`. `while` hurudia maadamu sharti ni kweli, na `!=` maana yake "si sawa na". Aliyejibu "ndiyo" hajajibu "hapana", basi upande mmoja ni kweli kila mara, na swali litarudiwa mpaka umeme ukatike. Hapo panatakiwa `and`.

Halafu pitisha kila amri kwenye `.strip().lower()`, inayofuta nafasi tupu za mwanzo na mwisho na kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, kabla ya kuipima. Simu nyingi huanza sentensi kwa herufi kubwa zenyewe, na "Fungua" si "fungua".