Mji uliozama, jalala lake liko wapi?

Mkuu, umeuliza kama kuna aliyewahi kuiamini ile nadharia ya ustaarabu mkubwa uliofutwa na mafuriko mwishoni mwa enzi ya barafu, miaka kama 12,000 iliyopita, na nini kilimtoa huko. Mimi hapa. Niliitetea kwa miaka, na nikizidiwa hoja nilihamia kwenye matusi.

Silaha yangu ilikuwa Göbekli Tepe, Uturuki. Nguzo za mawe zenye umbo la T, nyingine zaidi ya mita 5, zimechongwa mbweha na nge, tena zimeitangulia Stonehenge, lile duara la mawe la Uingereza, kwa zaidi ya miaka 6,000. Nikawa nauliza: wawindaji wamejulia wapi haya? Si lazima wawe na walimu? Na tuseme kweli, mwanaakiolojia Klaus Schmidt alipoanza kuchimba pale 1995, wataalamu nao walipigwa butwaa.

Baadaye nikajitolea wiki tatu kwenye uchimbaji, mahali pa kawaida tu, hapana hata nguzo. Nilidhani nitafukua kuta. Nikapewa ndoo! Mwaga udongo kwenye pipa la maji, koroga taratibu, chota kinachoelea. Kinachoelea ni mkaa na mabaki ya nafaka iliyoungua kwenye meko ya watu waliokufa zamani mno. Msimamizi akaniwekea vipande viwili vya shuke la ngano chini ya lenzi. Ngano mwitu ikikomaa hupukutika yenyewe, kwa hiyo inapoachia pana kovu laini. Ya kulimwa hung'ang'ania mpaka ipurwe, na kovu lake limechanika. Kitu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kinakwambia kama mwenye meko alikuwa mkulima.

Usiku ule nikarudi kusoma kuhusu Göbekli Tepe, safari hii sehemu nilizokuwa naziruka. Mifupa ni ya swala na wanyama wengine wa porini. Nafaka ni za mwituni. Sasa hao walimu walifundisha kuchonga nguzo za tani kadhaa, wakasahau kuleta mbegu na mbuzi?

Atlantis, kile kisiwa cha hadithi kilichozama, naipita haraka: hakuna andiko lililobaki la kabla ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, linaloitaja.

Hoja ya bahari, kwamba ilipanda ikafunika miji yao, ndiyo ngumu kidogo. Ni kweli ilipanda takriban mita 120, ila kwa maelfu ya miaka, na haifichi kila kitu. Mwaka 1931 wavu wa meli ya uvuvi ulinasa kwenye Bahari ya Kaskazini ncha ya mkuki iliyochongwa kwa pembe, ya wawindaji walioishi pale pakiwa nchi kavu. Halafu moshi wa Warumi wakiyeyusha madini umeacha chembe za madini ya risasi (lead) kwenye barafu ya Greenland, mbali kabisa na matanuri yao. Tanuri halifichwi na bahari.

Kwa hiyo sitaki tena picha za mawe yenye pembe nne chini ya maji. Nionyeshe jalala lao moja tu: vigae, mifupa ya mifugo, makapi ya chuma.