Alama za mahojiano ya kazi: zipi zako, zipi za mwenzako

Nilihojiwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yetu hapa Kenya kwa kazi ya uuguzi, nikakosa. Ninaweza kuonyeshwa alama zangu?

Ndiyo, tena kwa njia mbili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuona data zinazomhusu mwenyewe, yakiwemo maoni yaliyoandikwa kando ya jina lake. Ningeanza na hii ya pili, kwa sababu faragha inayolindwa hapo ni yako. Taja nambari ya tangazo na tarehe ya mahojiano, kisha useme wazi kwamba unataka karatasi ya alama ya kila mjumbe wa jopo. Wastani wa 61 hauwezi kukuonyesha kwamba mmoja alikupa 80 na mwenzake 42, na tofauti kama hiyo ndiyo inayostahili kuulizwa.

Na alama za aliyeajiriwa?

Hapa ofisi nyingi hulitumia neno faragha kama kufuli la kila mlango, na hilo linaniudhi. Sheria inaruhusu kuzuia habari ambazo zingeingilia faragha ya mtu mwingine pasipo sababu ya haki. Kwa hiyo nambari yake ya kitambulisho, simu yake na hali ya afya yake usiziombe kabisa. Lakini vigezo vya kuchuja maombi, idadi ya walioitwa, na alama za wote zikiwa zimeondolewa majina, ni kumbukumbu za kazi ya umma. Waweza pia kuomba takwimu za jamii walikotoka walioajiriwa, kwa maana Sheria ya Serikali za Kaunti huitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti.

Karani ameniuliza ninazitakia nini, kisha akadai ada ya ombi.

Sababu yako haibadilishi haki yako, na ombi halilipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Andika kwa Kiswahili ukipenda, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Wiki sita zimepita, kimya.

Kwa ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, ofisi ilikuwa na siku 21, ambazo huweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14. Muda huo ukiisha bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Peleka nakala yako yenye muhuri kwa Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30 uombe uamuzi huo upitiwe upya. Ikiwa uliomba data zako mwenyewe, malalamiko huenda kwa Kamishna wa Data.