Hodi ya Nyumba Ile: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Sisi huku Tanga hatujambo. Uvimbe wa mguu wa baba yako umepungua, na ameanza tena kwenda msikitini bila kushikwa mkono.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema mlitazama Double Indemnity, ile filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1944, na wenzako wote wakaishia kumlaani mwanamke. Ukaniuliza: "Mama, wewe umekaa kwenye bima miaka 26. Yule Neff, muuza bima, asingebisha hodi kwenye nyumba ile ya Phyllis, si angebaki mtu safi?" Juzi usiku nikaitazama upya kwenye kompyuta uliyoniachia, nikiisimamisha kila mara. Jibu langu ni hapana. Nitakueleza kwa nini, maana swali lako limegusa jambo ambalo sijapata kukusimulia.

Yule Phyllis Dietrichson, mke aliyepanga na Neff kumuua mumewe ili walipwe bima, simtetei. Barbara Stanwyck amemcheza kwa ubaridi wa kutisha. Pale Neff anapomuua mumewe ndani ya gari, wanaume wale hatuwaoni kabisa. Tunauona uso wa Phyllis tu, ameshika usukani, anatazama mbele, na mdomoni kuna kitu kinachokaribia kuwa ridhaa. Lola, binti wa kambo, anasimulia kwamba huyu ndiye aliyekuwa muuguzi wa mama yake, na mama akafia mikononi mwake. Kwa hiyo uovu wa Phyllis ulikuwepo kabla Neff hajamjua. Sasa tumwache, kwa sababu hukuniuliza habari zake.

Kumbuka kwanza ni nani anayetusimulia. Ni usiku wa Julai 1938, Los Angeles. Neff anaingia ofisini akiwa na risasi begani, anakaa na kuanza kuzungumza kwenye mashine ya kurekodi sauti, akimwachia ujumbe Keyes, mkuu wa madai. Kile kikuku cha mguuni mwa Phyllis kinachoshuka ngazi, ile harufu ya maua, yale maneno ya kuchezeana, vyote tunavipata kwa kinywa cha mwanamume ambaye saa hiyo ameshamuua huyo mwanamke. Pale kazini kwetu ilikuwa hivi: soma maelezo ya dereva, kisha nenda kaangalie breki.

Breki za Neff anatuonyesha mwenyewe. Anasema kazi ya bima ni kama kusimama nyuma ya gurudumu la kamari ukiwalinda wachezaji wasiibie nyumba, mpaka usiku mmoja unaanza kuwaza jinsi wewe mwenyewe utakavyoiibia, kwa akili, kwa sababu gurudumu liko mikononi mwako. Alikuwa na mpango mzima kichwani na alichokosa ni mtu wa kumsaidia. Hapo niliisimamisha filamu, nikaenda kunywa maji.

Tazama pia nani alileta nini. Phyllis alikuja na wazo la bima ya ajali ambayo mume hataijua. Hati ilikuwa ya dola 50,000. Wazo la treni lililetwa na Neff, kwamba mume auawe garini na mwili uwekwe relini, ionekane ameanguka kutoka kwenye treni. Ndiye aliyejua kifungu cha fidia mara mbili, kwamba ajali zile zisizotokea kwa kawaida, kama mtu kufa treni ikiwa safarini, kampuni inazilipa maradufu, dola 100,000. Kifungu kile kinapendeza kwenye karatasi kwa sababu ni nadra kulipwa, na anayekijua vizuri ni muuzaji. Mwanamke alitaka mume afe. Mwanamume alitaka afe kwa namna itakayowashinda wenzake wa ofisini. Kwangu hilo ni tamaa nyingine kabisa, na haikuanzia kwenye kikuku.

Sasa sikiliza habari zangu. Mwaka wangu wa 6 kazini Dar es Salaam, wewe ukiwa darasa la kwanza na baba yako akiwa hana kazi, nilijua kwamba madai madogo ya vioo na bampa hayatumiwi mkaguzi. Yanalipwa kwa karatasi ya makadirio ya gereji, na karatasi zile zilipita mezani kwangu. Jioni moja ndani ya daladala nikatunga dai zima: namba ya gari, tarehe, kioo kilichopasuliwa na jiwe barabara ya Morogoro, mpaka mwandiko wa fundi. Kesho yake nikalirekebisha pale lilipokuwa dhaifu. Siku ya tatu halikuwa na kasoro hata moja, na mimi nilikuwa na furaha, mwanangu. Hakuna mtu aliyenishawishi. Hakukuwa na nywele za dhahabu wala nyumba ya mlimani. Kulikuwa na mimi na ujuzi wangu.

Mkuu wetu wa madai alikuwa mzee mmoja wa Pangani, mtu wa kuuliza "umekula?" kabla hajauliza kazi. Wiki ile ile alikuja mezani kwangu na jalada la lori lililoungua, akaniambia, "Nisomee wewe binti yangu, macho yangu yamechoka." Macho yake hayakuwa na ubaya wowote, alikuwa ananifundisha. Nikasoma mpaka saa moja usiku. Nikaona mwenye lori alihamisha matairi mapya siku mbili kabla ya moto. Nilipomwambia, alicheka kwa furaha kama mtu aliyeletewa mjukuu. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba karatasi yangu ya uongo, kama ningeiandika, yeye ndiye angeitia sahihi bila kuisoma, kwa sababu imetoka kwangu. Sikuiandika. Hodi ilipigwa kwangu pia, ila mimi nilibishiwa na yule mzee.

Ndiyo maana namlilia Neff kuliko ninavyomlaumu Phyllis, kwa sababu yeye alibishiwa hodi mbili. Edward G. Robinson anayemcheza Keyes ni mfupi, mkali, tumbo linamsumbua kila dai la uongo linapopita, anasema ndani yake kuna mtu mdogo anayemkaba. Mwanzoni tu anamkamata mwenye lori aliyelichoma mwenyewe na kumsainisha aachane na madai. Nilicheka peke yangu sebuleni, nikamkumbuka mzee. Huyu Keyes anamwendea Neff na kumwomba awe msaidizi wake. Mshahara utapungua dola 50, lakini anamwambia karatasi za madai ziko hai, zimejaa matumaini yaliyopotoka na ndoto za hila, na kwamba Neff ni mzuri mno kubaki muuzaji. Akiwa bado anasema, simu inalia. Ni Phyllis. Mume amevunjika mguu, atapanda treni na magongo yake, ni usiku huu. Neff anazungumza naye kwa jina la uongo huku Keyes amesimama pale pale. Kisha anamjibu Keyes kwamba kazi ile haitaki. Ukiitazama tena usikipite kipande hicho. Mlango wa pili ulikuwa wazi kabisa.

Na kosa lililowaumbua ni la kiofisi, ndiyo sababu nawapenda sana Wilder na Raymond Chandler walioiandika filamu hii pamoja. Bosi wa kampuni anadhani marehemu alijiua. Keyes anamwagia hesabu za vifo vya kujiua, kwa sumu, kwa bunduki, kwa kuruka, akimwonyesha kwamba hakuna aliyewahi kujiua kwa kuruka kutoka nyuma ya treni inayokwenda, tena treni ile ilikuwa ikienda maili 15 tu kwa saa. Hilo ni la kusisimua. Lakini lililonisimamisha nywele ni dogo kuliko hilo: mtu amekata bima ya ajali, akavunjika mguu, na hakuleta madai. Kwa nini? Kwa sababu hakujua kwamba ana bima. Mwanangu, dai ambalo halikuletwa! Neff alipanga kila kitu kuhusu karatasi zitakazokuja mezani, akasahau ile ambayo ilipaswa kuja na haikuja. Baada ya kuua anasema anatembea barabarani na hasikii nyayo zake mwenyewe.

Wenzako waliomlaani mwanamke peke yake wana waliowatangulia. James M. Cain, aliyeandika kitabu kilichotoa filamu hii, alichochewa na kesi ya kweli ya mwaka 1927, Queens, New York. Ruth Snyder na hawara yake, Judd Gray, muuzaji wa nguo za ndani za kike, walimuua mume wa Ruth, aliyekuwa amekatiwa bima bila yeye kujua. Magazeti yalimwita mwanamke jiwe na mwanamume udongo laini uliofinyangwa. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme gereza la Sing Sing tarehe 12 Januari 1928, usiku mmoja. Mpiga picha aliyejifunga kamera kwenye kifundo cha mguu alimpiga Ruth akiwa kitini, na kesho yake picha ikajaa ukurasa wa mbele wa gazeti. Gray alikalia kiti kile kile dakika chache baadaye, na picha yake haipo. Nilifikiri sana juu ya hilo. Wafaransa walipozipa filamu za uhalifu za namna hii jina la filamu nyeusi, film noir, mwaka 1946, sura ya mwanamke ilikuwa imeshakaa mbele kwenye mabango, na imebaki pale mpaka leo.

Wilder alishapiga tukio la Neff kuuawa kwenye chumba cha gesi, Keyes akitazama, kisha akalitoa. Nafurahi alilitoa. Sasa inaishia mlangoni. Filamu nzima Keyes hana kiberiti, na Neff humwashia biri kwa kukwaruza njiti na ukucha. Mwishoni Neff ameanguka, anasema Keyes hakumwona muuaji kwa sababu alikuwa karibu mno, ng'ambo ya meza yake tu. Keyes anamjibu kwamba alikuwa karibu zaidi ya hapo. Neff anaweka sigara mdomoni, mkono hauna nguvu, na Keyes ndiye anayeikwaruza njiti.

Yule mzee wa Pangani nilimzika mwaka uliomaliza chuo, nadhani unakumbuka nilivyosafiri ghafla. Ulidhani ni jamaa yetu, nami sikukusahihisha.

Ukija Desemba njoo na waya wa kuunganisha kompyuta na televisheni, baba yako naye anataka kuitazama.

Mama yako