Barua kwa mwanangu: popo wa hema

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini wale popo weupe wa Amerika ya Kati hujitengenezea hema la jani, ilhali wenzao wengi hutosheka na mapango na mashimo ya miti. Kwa ufupi, jani huwakinga mvua na jua, tena huwaficha. Popo huyo, Ectophylla alba, ana uzito wa gramu 5 au 6 tu. Hutafuna vishipa vya jani la helikonia (mmea wa majani mapana kama ya mgomba) kandokando ya uti wake wa kati, mpaka pande zote mbili zinainama. Mwanga ukipenya jani, manyoya meupe huonekana ya kijani, na anayepita haoni kitu.

Lakini mimi linalonishughulisha ni jinsi wanavyojua kuwa adui amefika. Wanajua kwa mtikisiko wa shina. Inama chini yao bila kugusa mmea, watabaki wamelala. Gusa shina, wote wameruka.

Ndiyo maana Costa Rica haijanitoka moyoni, safari ile tuliyokuacha kwa shangazi yako. Nilikwisha kuwaona: watano wamebanana, masikio na pua za manjano, mmoja amekumbatia mtoto. Baba yako alinishika mkono, wala hatukusema neno. Kisha mwenyeji wetu akalishika shina akalitikisa, ili wageni wa nyuma nao wapate picha. Wakatawanyika mchana kweupe, na yule mama na kitoto chake kifuani. Hasira ile ninayo mpaka leo. Unajua ninavyosema siku zote: asiyekusumbua usimsumbue.

Mwaka 1985 watafiti wawili, Sue Boinski na Robert Timm, waliandika walichokiona huko huko Costa Rica. Tumbili wadogo huyakagua mahema ya popo na kuwakamata waliomo, na popo anayeponyoka huweza kudakwa na mwewe anayewafuata tumbili hao. Sasa kumtoa popo hemani mchana ni kumpeleka wapi?

Baba yako alimtetea mwenyeji wetu. Alisema yule bwana anaishi kwa wageni, na wageni wakikosa cha kuona, msitu utapoteza watetezi. Nalo ni kweli, nalikubali. Pengine popo walirudi jioni ile ile, au walikuwa na hema jingine jirani. Si ajabu kundi moja kuwa na zaidi ya moja. Lakini hata hivyo, asiyekusumbua! Kama alikosa au hakukosa, ulimi unaniwasha, ila nimemwahidi baba yako kwamba sitahukumu, basi sihukumu.

Ukipata nafasi ya kwenda, chukua darubini. Mwambie mwenyeji wako mapema, kabla hamjaingia msituni, kwamba picha huzihitaji. Tazama majani ya chini, yaliyoinama pande mbili. Mikono weka mfukoni. Halafu uniandikie walikuwa wangapi, na kama walikuwa na watoto.

Mama yako