Leaf iliyotumika kwa Mikindani: angalia betri kwanza

Ndugu, umeuliza kama Nissan Leaf, gari la umeme, yenye betri ya uniti 24 (kWh) kutoka Japani itakufaa kwa Mikindani–Mtwara mjini kila siku, na Lindi mara moja kwa mwezi. Mjini, ndiyo kabisa. Lindi, hapana: ni kama kilomita 100, na betri iliyochoka itakuacha njiani. Kwa Lindi tafuta ya uniti 40, ulale huko ukiichaji.

Gharama: kilomita 100 hula takriban uniti 18 za LUKU, ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa uniti ni kama 6,400. Gari dogo la petroli hunywa lita 7 au 8. Ila kama upo kwenye bei nafuu ya umeme ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, utaipoteza.

Usidanganyike na kilomita chache ilizotembea. Washa gari, hesabu vijistari vya afya ya betri kulia kwa dashibodi: 12 ni kamili, na kikipotea cha kwanza betri imepungua kama asilimia 15. Chini ya 10, achana nayo. Leaf haipozi betri kwa maji, na joto la pwani yetu huila haraka. Ipaki kivulini, isilale imejaa chaji.

Nyumbani, usichomeke kwenye soketi ya kawaida usiku kucha, huweza kuyeyuka. Vuta waya wa milimita 4 za mraba peke yake, weka soketi ya viwandani ya ampia 16 na ethi (waya wa ardhini) iliyopimwa.