Jibu: Mdogo wangu anatoka soba (nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya) mwisho wa mwezi, nani amsimamie?

Dada, pole na hongera. Umeuliza kama wewe mwenyewe unatosha kumsimamia. Kwa maoni yangu hutoshi, na si kwa sababu humpendi. Wewe ukiona amechelewa kurudi utapaniki, utampekua mifuko, naye ataanza kukuficha. Anahitaji mtu aliyewahi kutumia unga, akaacha miaka kadhaa, na ambaye huwezi kumdanganya kuhusu arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Kwenye mikutano ya NA (Narcotics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya) mtu huyo anaitwa sponsa. Kwa kawaida mwanamume husimamiwa na mwanamume mwenzake. Amtafute kabla hajatoka, maana soba nyingi zina waliopona wanaorudi kusaidia. NA huwashauri wapya wahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Inachosha, lakini kazi yake kubwa ni kujaza jioni, saa ambazo maskani, kijiwe chake cha zamani cha unga, huwa inamwita.

Laini ya simu abadilishe. Namba za sponsa na wenzake wawili aziandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa mambo yakiharibika.

Wewe mpe nauli, chakula, na kazi ndogo za asubuhi. Hela nyingi mkononi, hapana.

Na hili mwambieni waziwazi: mwili umeshapoteza uzoefu. Kipimo alichokuwa anatumia zamani leo kinaweza kumuua. Akiteleza akatumia tena, apige simu usiku huohuo, na nyumbani asikute mlango umefungwa.