Nafuu ya kodi ya watoto Marekani: anza kwa kuhesabu siku

Ndugu yangu, umesema wewe na mkeo mlipata dola 31,000 mwaka 2025, watoto wakawafuata huko kutoka Nairobi tarehe 2 Machi wakiwa na grin kadi. Mdogo ana miaka 8, mkubwa alitimiza 17 tarehe 28 Desemba. Unaogopa kikomo cha kipato.

Hicho kiondoe moyoni. Kwa mume na mke wanaojaza fomu ya kodi pamoja, nafuu huanza kupunguzwa kipato kikipita dola 400,000. Mzazi aliye peke yake, 200,000. Sisi wa maghalani hatufiki huko.

Kilichoniangusha mimi ni siku. Wanangu wawili walitua tarehe 20 Agosti 2023. Aliyenijazia fomu akaandika wameishi nami mwaka mzima, nami nikatia sahihi bila kusoma, maana niliona rifandi nono, yaani pesa ya kodi inayorudishwa. Baadaye ikaja barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikitaka ushahidi. Nilikaa mezani usiku na pasipoti zao, nikahesabu kutoka kwenye mhuri wa uwanja wa ndege hadi 31 Desemba: siku 134. Sheria inataka mtoto awe ameishi nawe zaidi ya nusu mwaka. Nikarudisha pesa yote na riba juu yake, na nilikuwa nimeshaitumia kulipa pango la nyumba. Iliniuma sana.

Wako wana siku 305, hapo umepona. Ila mkubwa ametoka. Mtoto lazima awe chini ya miaka 17 mwaka unapokwisha, na siku tatu hizo hazina msamaha. Atahesabiwa kwenye ile nafuu ndogo ya dola 500 ya wategemezi wengine, ambayo hupunguza kodi unayodaiwa tu. Wewe hudaiwi: makato ya kawaida (kiasi cha kipato kisichotozwa kodi) ya wanandoa kwa 2025 ni dola 31,500, yaani kipato chako chote kimemezwa. Basi hiyo 500 haitakufikia mkononi.

Kwa mdogo utasikia watu wakitaja 2,200. Hiyo ndiyo nafuu kamili, lakini kwa asiyedaiwa kodi sehemu inayolipwa taslimu haizidi 1,700. Hupigwa hivi: kipato cha kazi toa 2,500, kinachobaki chukua asilimia 15. Yako ni 4,275, imepita, basi utapata 1,700 zote. Angekuwa mtu amefanya kazi miezi michache akapata 8,500 tu, angeambulia 900.

Hakikisha mdogo ana namba ya Social Security inayoruhusu kazi, na mmoja wenu wazazi pia awe nayo. Kuanzia 2025, wazazi wote wawili wakiwa na ITIN tu (namba ya kodi ya wasio na Social Security), haitoshi. Chukua barua ya shule yenye anwani yenu na tarehe aliyoanza, uiweke pamoja na nakala ya mhuri wa pasipoti. Nenda kwa wale wa VITA, mpango wa watu wa kujitolea wanaosaidia kujaza fomu za kodi, wanajaza bure, na usitie sahihi mpaka umesoma mwenyewe idadi ya miezi ambayo fomu inasema watoto wameishi nawe. Rifandi yenye nafuu hii haitoki kabla ya katikati ya Februari, kwa hiyo usiiahidi kwa mwenye nyumba.